Kufuatilia nchi kavu ya Pawaga na Isimani kwa setilaiti na ndege nyuki: jinsi ya kuanza

Kamwene wadau. Watu wakisikia Iringa wanawaza baridi ya Mufindi na mashamba ya miti, wanasahau kwamba ukishuka upande wa Isimani, Pawaga na Idodi unaingia nchi kavu kabisa, migunga na mibuyu, mvua msimu mmoja tu kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili alafu baada ya hapo jua. Ndo nchi niliyokulia na inaniuma inavyobadilika huku hatuna kumbukumbu ya maana. Kwa hiyo nawaandikia bwana mifugo, mwanafunzi, mtu wa kamati ya mazingira ya kijiji, yeyote mwenye laptopu na bando.

Kabla hujawaza kununua ndege nyuki, yaani droni, anza na setilaiti, picha za bure zipo nyingi. Sentinel-2 ya Ulaya inapita kila siku 5, pikseli moja, yaani kidoti kidogo kabisa cha picha, ni mita 10 kwa 10, picha zake zinaanzia 2015. Landsat ya Marekani pikseli yake ni mita 30 ila faida yake unarudi nyuma mpaka miaka ya 80, hata kama za huku kipindi hicho ni za kuokoteza, na ndo itakayokuonyesha ardhi oevu ya Ihefu ilikuwaje kabla mto Ruaha Mkuu haujaanza kukatika kiangazi mwaka 1993.

Fungua Copernicus Browser, tovuti ya picha za Sentinel, jisajili kwa imeili, tafuta eneo lako, weka mawingu yasizidi asilimia 20, alafu chagua NDVI. Hiyo NDVI ni kipimo cha ukijani wa mimea, hesabu ndogo tu: jani bichi linameza mwanga mwekundu na kurudisha ule wa infraredi usioonekana kwa macho, kwa hiyo unachukua infraredi unatoa nyekundu, jibu unaligawa kwa jumla yao. Kwa Sentinel-2 infraredi ni bendi ya 8 na nyekundu ni ya 4. Udongo mtupu unakaa karibu na 0.1, msitu mzito unapita 0.6. Kwetu huku udongo unang'aa sana kati ya kichaka na kichaka, unachafua namba, ndo maana mimi napenda zaidi SAVI ambayo inaongeza 0.5 kwenye hesabu kupunguza huo mng'ao wa ardhi.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu, mtu anachukua picha ya Mei mwaka juzi anailinganisha na ya Oktoba mwaka huu anasema jangwa limeingia, wakati Oktoba ni Oktoba tu! Linganisha mwezi na mwezi wake. Mimi nachukua mbili kila mwaka, moja ni ya mwanzoni mwa Mei, mawingu yameondoka na nyasi bado mbichi, nyingine mwishoni mwa Septemba ambapo nyasi zote zimekauka, kijani chochote utakachoona ni mti, kichaka, au mpunga na mboga za skimu za umwagiliaji. Ukizipanga pamoja unaanza kutenganisha nyasi na vichaka, na hilo ndo jambo kubwa kwa mfugaji. Usisahau pia mvua, chukua data ya CHIRPS ambayo inaenda nyuma mpaka 1981, vinginevyo mwaka wa ukame utawalaumu ng'ombe bure, na mwaka kama 1998 wa El Niño usiufanye ndo kipimo cha kawaida.

Alafu kijani sio malisho. Kuna sehemu Isimani ramani ilionyesha inazidi kuwa kijani mwaka hadi mwaka, nikafurahi, nikaenda. Kufika ni vichaka vya miiba vimeshikana, chini udongo mtupu umekuwa mgumu kama sakafu. Mzee mmoja mfugaji akaniambia, "Mwanangu, hapa ng'ombe tuliacha kuleta zamani, siku hizi mbuzi tu ndo wanapita." Setilaiti haikudanganya, mimi ndo niliisoma vibaya, na tangu hapo sisemi neno kabla sijaangalia kwa karibu.

Huko karibu ndo kazi ya ndege nyuki. Kwanza vibali: Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaani TCAA, alafu serikali ya kijiji, na ukiwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha hurushi bila ruhusa ya hifadhi yenyewe. Kaa mbali na tembo, mlio wa ndege hiyo kwao ni kama nyuki, wanakimbia na wanaweza kukimbilia kwenye mashamba ya watu. Na watu waambie mapema, pita mpaka kwenye maboma, kwa sababu wafugaji wengi wakisikia kitu kinalia angani wanajua wanatafutwa, na ukishawatisha mara moja hawakwambii ukweli tena.

Chagua viploti kama 10 vya mita 100 kwa 100, vingine pale ramani inapoonyesha mabadiliko, vingine pasipobadilika ili uwe na cha kulinganisha. Ruka mita 100 juu, picha zipandiane asilimia 80 mbele na 70 pembeni, utapata pikseli ya sentimita 3 hivi, hapo unaona kichaka kimoja kimoja. Rusha saa nne mpaka saa saba, vivuli ni vifupi, baada ya hapo Pawaga upepo unaanza na chamchela zinazunguka. Betri zisikae juani hata dakika tano. Kwenye kona paka mawe chokaa, chukua GPS yake, mwakani utarudi palepale wiki ileile. Picha ziunganishe kwenye WebODM, ramani chora kwenye QGIS, zote za bure.

Kisha tembea kila kiploti na mtu wa pale, andika ni nyasi za kudumu au za msimu, udongo mtupu kiasi gani, na majina ya mimea kwa Kihehe au Kigogo kama anavyokutajia. Ramani ichapishe kubwa uipeleke kwenye mkutano wa kijiji, wao watakuonyesha kisima cha zamani kilikuwa wapi na njia ya ng'ombe ilihama lini, vitu ambavyo pikseli haina. Faili liite kijiji, mwaka, mwezi na siku, weka nakala mbili, moja ibaki ofisi ya kijiji.