Uyoga mamama wa nazi: anza na kikaango kikavu

Karibu asilimia 90 ya uyoga mbichi ni maji, na sehemu kubwa ya kazi ni kuyatoa kabla mafuta na viungo havijaingia. Maji yakibaki sufuriani uyoga unatokota tu, hauwi kahawia, na unateleza mdomoni kama bamia iliyopitiliza.

Nunua mamama (ndio oyster kwa Kiingereza) wenye kingo kavu. Unga mweupe juu ya kofia ni spora zilizodondoka kutoka uyoga wa juu yake; haudhuru. Wenye ute au shombo uache. Wa porini usiokuwa na uhakika nao usiuguse kabisa: kuna sumu za uyoga ambazo moto hauziondoi, na dalili zake huweza kuchelewa saa 6 au zaidi baada ya kula.

Kwa nusu kilo ya uyoga andaa mafuta vijiko vikubwa 4, kitunguu maji 1, kitunguu saumu punje 3, nyanya 2, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, tui zito kikombe 1 (ml 250), chumvi na nusu ndimu.

Usiuloweke uyoga, maana mikunjo ya chini ya kofia hunywa maji. Uoshe kwa maji yanayotiririka sekunde chache, ukung'ute, uutandaze juu ya kitambaa dakika 10. Kata kitako kigumu cha shina, hakilainiki hata ukipike saa nzima. Kitie kwenye supu kwa ajili ya ladha tu. Kofia zichane kwa mkono kufuata nyuzi, upana wa kidole.

Pasha kikaango kipana cha chuma mpaka tone la maji lirukeruke. (Kile chenye utando wa kutonata kisipashwe kikavu kwa moto mkali.) Weka robo kilo tu, tabaka moja, uache dakika 2 bila kukoroga. Maji yatatoka na povu litapanda. Hapa wengi hushtuka wakafunika. Usifunike, wala usiyamwage, kwani utamu umo humo. Baada ya dakika 4 hadi 6 sikiliza: mchemko hunyamaza, unabaki mlio mkavu wa kuchachatika. Sasa tia kijiko kikubwa cha mafuta na chumvi kidogo, kaanga dakika 3 mpaka kingo ziwe kahawia. Chumvi ya mapema huvuta maji nje kabla kikaango hakijawahi kuyakausha. Epua, pika robo kilo iliyobaki vivyo hivyo. Ukirundika yote pamoja, au mkaa ukiwa haujakolea, maji yatashinda moto.

Kikaango hichohicho, bila kukiosha, kaanga kitunguu kwa mafuta yaliyobaki mpaka kiwe rangi ya dhahabu, kisha saumu nusu dakika, bizari, na nyanya mpaka mafuta yajitenge. Punguza moto, mimina tui, koroga bila kuacha mpaka lianze kufurukuta pembeni. Likichemka kwa nguvu litakatika: mafuta juu, chenga chini. Rudisha uyoga kwa dakika 3, si zaidi, usije ukapoteza ule ukavu ulioutafuta.

Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua. Kwenye moto nayo hukata tui. Pakua papo hapo kwa wali mweupe au ugali.