Nyumba iko wazi na wikiendi ni keshokutwa: bei unaishushaje bila kula hasara

Una nyumba unayowapangishia wageni kwa usiku kupitia apu ya bukingi. Jumatano usiku umefungua kalenda, unaona Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nyeupe hazina mtu, mkono unawasha unataka uingie kwenye bei uikate nusu ukalale. Subiri kwanza. Mi nimeshafanya hivyo mara nyingi tu mpaka nikaelewa kwamba bei inayokatwa saa tano usiku ukiwa na hasira ndo inayokuletea yule mgeni ambaye ukipiga hesabu vizuri wewe ndo umemlipa aje kulala kwako. Kushusha bei kunafanya kazi, sikatai, ila kuna vitu vya kugusa kabla ya bei.

Usiku ambao haujauzwa huwezi kuuweka stoo ukauuza wiki ijayo, ukipita umepita. Watu wa ndege walishughulika na hili zamani sana, mwaka 1972 Ken Littlewood wa shirika la ndege la BOAC la Uingereza aliweka kanuni ambayo mpaka leo inatumika: uza kwa bei ya chini pale tu hiyo pesa inapozidi ile unayotegemea kuipata ukimsubiri mteja wa bei kamili. Wao wana viti mamia we una vyumba viwili, ila swali ni lilelile.

Sasa anza na sakafu, yaani bei ambayo chini ya hapo bora nyumba ilale na kufuli. Tuseme bei yako ya kawaida ni 100 kwa usiku, pesa weka ya kwako. Mgeni mmoja akija usiku mmoja unatoa: usafi na kufua mashuka 20, umeme maji na gesi 6, sabuni karatasi za chooni na vikorokoro vingine 3. Jumla 29. Apu nayo ina kamisheni yake, cheki ya kwako ni ngapi maana zinatofautiana sana, tuchukulie 15%, basi gawanya 29 kwa 0.85 unapata 34 na kitu. Weka 40 ili kuwe na cha glasi zitakazovunjika. Kodi ya nyumba, mkopo na bili ya intaneti usiviingize hapa! Hivyo utalipa mgeni aje asije, na ukivichanganya humu sakafu inapanda mpaka 70 huko unaanza kukataa pesa nzuri tu.

Afu angalia kinachotokea akikaa usiku 2. Usafi ni uleule 20, umeme na maji 12, vikorokoro 3, jumla 35, gawanya tena kwa 0.85 ya kamisheni inakuja kama 41 kwa usiku zote mbili, yaani 21 hivi kwa usiku mmoja. Kwa hiyo sakafu haiko moja, ya usiku mmoja iko juu na ya usiku mbili au tatu iko chini sana. Ndo maana ofa nzuri ya dakika za mwisho ni ile ya "kaa siku mbili" kuliko kumwaga diskaunti kubwa kwa mtu wa usiku mmoja. Kidogo si haba, sawa, ila kuna kidogo ambacho ni hasara kabisa.

Kama usafi unautoza pembeni, kumbuka mgeni anaangalia jumla. Ukikata 20% kwenye 100 inabaki 80, ongeza usafi 20 ni 100, wakati mwanzo jumla ilikuwa 120. We unajisifu umeshusha 20%, mgeni ameona kama 17% tu.

Haya, sakafu unayo. Bado usiguse bei. Nenda kwenye idadi ya chini ya siku ambazo apu inamruhusu mgeni kubuku kwako. Wengi tunaweka usiku 3 halafu tunasahau, sasa mtu ameondoka Alhamisi na mwingine anaingia Jumamosi, katikati kuna usiku 2 ambazo hakuna binadamu anaweza kuzibuku hata uziweke bure, kwenye utafutaji hazitokei! Mi nilikaa msimu mzima nalalamika biashara mbaya kumbe nimejifungia mlango mwenyewe. Kwa hiyo zile tarehe tu, sio kalenda nzima, ziruhusu usiku 2, na zikibaki siku chache ruhusu hata 1 kama sakafu yako inakubali. Mara nyingi hapo tu bukingi inaingia kwa bei kamili.

Cha pili rudi kwenye bukingi zako za nyuma uangalie watu wako huwa wanabuku siku ngapi kabla ya kufika. Chukua hata 20 za mwisho uziandike kwenye karatasi. Ukikuta nusu yao wamebuku ndani ya siku 10, basi kuwa wazi siku 15 kabla sio tatizo, ndo kawaida yako, na ukishusha hapo umemgawia diskaunti mtu ambaye angekuja tu. Nyumba kubwa ya familia ni tofauti, watu 8 hawakurupuki siku 2 kabla kwa sababu kuna likizo za kazini za kuomba na watoto wa kupanga, hiyo anza mapema, wiki 3 au hata 4.

Ukishavuka ile kawaida yako ndo unashusha, na shusha kwa ngazi. Mi kwa nyumba ndogo naenda hivi: siku 7 kabla natoa 10%, siku 4 kabla inafika 20%, siku 2 kabla 30%, na siku yenyewe asubuhi naangalia kama inafaa kugusa sakafu au nipumzike. Hizo namba sio msahafu. Wikiendi huwa nachelewa ngazi moja kwa sababu watu wa wikiendi wanaamua usiku wa kuamkia Ijumaa, siku za kati ya wiki nawahi.

Utajuaje kama kushusha kunalipa? Piga hesabu ya kilichobaki mkononi, sio ya bei. Kwa 100 ukitoa kamisheni inabaki 85, toa 29 ni 56. Kwa 75 inabaki 63.75, toa 29 ni kama 35. Kama kwa 100 unaona una nafasi 3 kati ya 10 ya kupata mtu, hiyo ni 56 mara 0.3, sawa na 17 mkononi. Kwa 75 nafasi zikipanda mpaka 6 kati ya 10 ni 21, shusha. Zikipanda mpaka 4 tu ni 14, acha bei ilivyo. Ndo kanuni ya yule mzee wa ndege hiyo. Umekata robo ya bei lakini faida imepungua zaidi ya theluthi, kwa hiyo diskaunti lazima ilete watu wengi kweli, sio kidogo.

Na kuna mauzo ambayo watu wanayapita kila siku: mgeni aliyeko ndani tayari. Akiwa anaondoka kesho na kesho usiku iko wazi, yeye akibaki hamna usafi, hamna kufua, unatoa ile 6 ya umeme na maji basi. Mtumie meseji leo jioni, sio kesho asubuhi ameshafunga mabegi:

"Habari za jioni. Kesho usiku nyumba haina mtu. Mkitaka kubaki siku moja zaidi nawapa kwa nusu bei, nijulisheni kabla ya saa tatu usiku nibadilishe kwenye apu. Kama mmeshapanga safari hamna shida, karibuni tena."

Kwa nusu bei hapo mkononi inabaki zaidi ya 36, ambayo inazidi ile ya mgeni mpya wa 75 na hujahangaika na chochote. Ila ibadilishe ndani ya apu kama alikuja kupitia apu, hela za pembeni zinavunja masharti yao, na siku kukiwa na ugomvi huna pa kukimbilia. Unaweza pia kumuuliza anayeingia kesho kama anataka kuwahi usiku mmoja, sio wengi wanaokubali lakini kuuliza ni bure.

Sasa mitego.

Usiguse bei ya msingi, badilisha tarehe zile tu. Ukishusha bei ya msingi kwa ajili ya wikiendi moja umeuza na miezi inayofuata kwa bei hiyo, na mtu wa haraka atakuwahi abuku kabla hujarudisha. Diskaunti nazo kwenye baadhi ya apu hupandana, una ya wiki 10% imejificha kule, unaweka ya dakika za mwisho 20%, mtu wa siku 7 anakuja kulipa 72 badala ya 80. Fungua nyumba yako kama mgeni, weka tarehe, ona bei ya mwisho anayoiona yeye.

Aliyebuku mapema kwa 100 akiona leo ni 70 atakuandikia, na kama masharti yako yanaruhusu kughairi bure ataghairi abuku upya. Amua jibu lako kabla. Mi huwa sirudishi hela, nampa kuingia mapema au kutoka saa za mchana kama kuna nafasi, wengi wanaridhika.

Kama uko kwenye apu zaidi ya moja na kalenda zinasomana kwa iCal (linki inayofanya kalenda ya apu moja isomwe na nyingine), jua zinachelewa, wakati mwingine saa kadhaa. Dakika za mwisho hizo saa ndo zinaleta wageni wawili mlango mmoja. Bukingi ikiingia funga zile nyingine kwa mkono hapohapo.

Halafu bukingi ya siku ileile. Kuna siku mtu alibuku saa 10 jioni, nikafurahi, dada wa usafi simu haipokelewi, mgeni akafika saa 12 akakuta mashuka ya mtu mwingine kitandani na mimi niko mlangoni na ndoo. Nilirudisha hela yote na nyota nikapewa 2. Tangu hapo baada ya saa 7 mchana siku yenyewe nafunga, labda kama nyumba iko safi na shuka zimetandikwa. Na Jumamosi usiku mmoja bei ya kutupa inaita watu wa pati, kwa hiyo Jumamosi hata niwe na njaa vipi sishuki chini ya 70 na sitoi usiku mmoja kwa mtu asiye na hata rivyu moja.

Kila ukishusha andika kwenye daftari: tarehe gani, bei gani, siku ngapi kabla, ilijaa au haikujaa. La kwangu lilinionyesha Jumanne na Jumatano za msimu mbaya hazijai hata nikifika sakafuni, kwa hiyo siku hizi nazifunga mapema na ndo fundi bomba anakuja.