SOMO: Namna ya kuchambua farasi wa Boxing Day pale Kempton kabla hujasuka mkeka

Wakuu, kila ikikaribia Krismasi naulizwa swali lilelile kuhusu ile race kubwa ya farasi ya Uingereza, "mwaka huu King George nani anabeba?", na jibu langu ni lilelile, jina sitoi, njia ndio naonesha, ukiliwa ujue umeliwa kwa akili yako mwenyewe na ukitusua ni vilevile.

Kabla ya yote tuelewane. Wale farasi mnaowaona kwenye vibanda vya kubeti kila baada ya dakika chache ni wa kompyuta, hawana pumzi wala miguu, pale hakuna cha kuchambua hata ukeshe. Hawa ninaowasema ni farasi kweli, wana historia, wana tabia, wengine wanapenda tope wengine wanalichukia, na vyote hivyo vimeandikwa wazi, bure kabisa, kwa yeyote anayejua kusoma zile namba.

Siku yenyewe ni tarehe 26 Desemba, uwanja ni Kempton Park, uko Sunbury, magharibi mwa London. Race kubwa ya siku ni King George VI Chase, maili 3 yaani kama kilomita 4.8, na viunzi 18 vya kuruka. Ilianza 1937, ikahamishiwa Boxing Day mwaka 1947. Kwetu huku inaangukia kwenye saa kumi na moja na nusu jioni, umeshakula pilau umetulia. Siku hiyohiyo kuna Christmas Hurdle ya maili 2, ya viunzi vidogo, ambayo Constitution Hill aliibeba mara tatu mfululizo 2022 mpaka 2024, na kuna race ya farasi wanaoanza kujifunza viunzi vikubwa iliyopewa jina la Kauto Star. Mimi leo nakaa na King George, hizo nyingine njia ni ileile.

HATUA YA 1: Sahau Cheltenham

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Mtu anamuona farasi kashinda Cheltenham, uwanja mwingine mkubwa wa Uingereza, mwezi wa tatu, anamsukia mkeka Kempton Desemba bila kufikiria. Cheltenham wanazunguka kwenda kushoto, kuna vilima, na mwisho kuna mlima wa kumaliza watu pumzi. Kempton wanazunguka kulia, uwanja ni tambarare kama meza, kona ni kali, na muda wote wanakimbia kwa spidi. Sasa farasi anayeegemea kushoto kila anaporuka, pale anapoteza mita kadhaa kila kiunzi, zidisha mara 18 uone anafika saa ngapi.

Mnataka ushahidi? Silviniaco Conti alibeba King George 2013 na 2014, Clan Des Obeaux akabeba 2018 na 2019, na kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kushinda Gold Cup, ile race kubwa ya Cheltenham. Might Bite alishinda Kempton 2017, miezi mitatu baadaye Cheltenham kwenye tope akakutana na Native River akawa wa pili. Na kuna farasi ambao uwanja huu ni kama wamezaliwa hapo, Desert Orchid mara nne, Kauto Star mara tano, ile ya 2009 alishinda kwa urefu wa farasi 36, wenzake walikuwa kama wako kwenye race nyingine.

Kwahiyo cha kwanza angalia pembeni ya jina kama kuna herufi C, maana yake alishawahi kushinda uwanja huohuo. D ni kwamba alishashinda umbali huo. CD ni vyote viwili kwa pamoja, huyo usimpite bila kumtazama.

HATUA YA 2: Subiri listi ya mwisho

Listi inayotoka mapema ina majina mengi matamu, lakini wengi wao hawaji. Trena (anayemfua farasi) wa Ireland mwenye farasi mkali ana chaguo, anaweza kumpeleka Kempton tarehe 26 au akambakisha nyumbani akimbie Leopardstown tarehe 28, na hatakwambia mpaka dakika za mwisho. Ukibeti wiki nyingi kabla, odds zinakuwa nono ila farasi asipotokea hela imekwenda, kampuni nyingi hazirudishi. Ukisubiri listi ya mwisho na farasi akajitoa, unarudishiwa. Mimi binafsi huwa nasubiri, uchu wa odds za Novemba umewatia watu hasara sana.

HATUA YA 3: Ardhi

Kwenye ratiba utaona maneno kama Good, Good to Soft, Soft, Heavy. Ya kwanza ni ardhi nzuri inayoruhusu spidi, ya mwisho ni tope. Kempton inakausha maji haraka kwahiyo mara nyingi inakuwa nzuri au laini kidogo, tope la kweli ni nadra. Fungua rekodi ya kila farasi uone ushindi wake aliupata kwenye ardhi gani. Banbridge aliyeshinda 2024 alikuwa anajulikana kabisa hapendi tope, ardhi ikamkubali, kazi ikaisha.

HATUA YA 4: Soma zile namba

Tuseme mbele ya jina kuna 21-1P3. Unasoma kutoka kushoto kwenda kulia, ya kulia kabisa ndio ya juzi. Kistari kinatenganisha msimu wa zamani na huu wa sasa. Namba ni nafasi aliyomaliza, 0 ni nje ya tisa bora. P joki (anayempanda) alimsimamisha njiani, F alianguka, U alimwangusha joki yeye mwenyewe akabaki wima. Huyu wa mfano alimaliza msimu uliopita kwa ushindi, msimu huu kaanza na ushindi, afu akasimamishwa, afu akawa wa tatu. Ile P usiipite tu, nenda kasome kwanini, kuna P ya farasi kuchoka na kuna P ya ardhi kumkataa, hazifanani. Ukiona F na U zimejaa, kumbuka viunzi vikubwa vya kule havipungui urefu wa mita 1.37, farasi asiyejua kuruka hawezi kufichwa na bahati viunzi 18.

HATUA YA 5: Nani ataongoza?

Hii ndio hatua ninayoipenda na ndio wengi wanairuka. Chukua listi, weka alama kwa kila farasi anayependa kukimbia mbele. Ukikuta mmoja tu, huyo anaweza kupanga mwendo anavyotaka yeye, na Kempton ukimwachia farasi mrukaji mzuri akae mbele kwa raha zake hamumkamati tena. 2020 Frodon alifanya hivyohivyo, Bryony Frost akiwa juu, akawa joki wa kwanza mwanamke kushinda King George, odds zilikuwa 21.00, na cha kuchekesha ni kwamba kwenye zizi hilohilo la trena Paul Nicholls walikuwepo Clan Des Obeaux na Cyrname ambao watu waliwasifia zaidi.

Sasa ukikuta wawili au watatu wote wanataka mbele, hesabu inageuka. Mwaka uliofuata Frodon alitaka tena mbele, Minella Indo naye akataka, wakachomana weee, na aliyekuja kuokota mzigo ni Tornado Flyer kutoka nyuma kwa 29.00. 2023 vilevile, Hewick alikuwa nyuma mpaka watu wameshamsahau, Shishkin akiwa mbele akajikwaa hata sio kwenye kiunzi akamwaga joki, Hewick akawapita wote mwishoni. Farasi yule alinunuliwa euro 850, bei ya bodaboda.

Na 2024 Il Est Francais kutoka Ufaransa aliongoza kwa mbali, anaruka utadhani kiunzi hakipo, ukiangalia unasema imeisha hii, kumbe pumzi haikumtosha, Banbridge na joki wake Paul Townend wakamkuta mwishoni kabisa. Kwahiyo swali sio nani anaongoza tu, ni je mwendo atakaoenda nao anaumudu maili zote 3?

HATUA YA 6: Bei

Odds za Uingereza zinaandikwa 5/1, hiyo kwetu ni 6.00, unajumlisha moja. Gawanya 100 kwa odds upate asilimia wanayompa farasi. Tuseme sita wana 2.50, 4.00, 6.00, 8.00, 11.00 na 17.00, ukijumlisha asilimia zao unapata kama 109, hiyo 9 ya juu ni ya kampuni. Kwahiyo usitafute tu mshindi, tafuta farasi ambaye wewe kwa uchambuzi wako unampa nafasi kubwa kuliko walivyompa wao. Kama hayupo, unaacha. Fevareti wa 2.50 akishinda sio kwamba ulikosea kumwacha.

MASWALI YA WADAU

Chalii wa Arusha: Mkuu somo limeeleweka, ila wao wanasema each way, ndo nini na inalipaje?

Jibu: Mkuu hiyo ni mkeka mmoja wenye sehemu mbili, nusu ya hela unasema atashinda, nusu unasema atamaliza kwenye nafasi. Race ikiwa na farasi 5 mpaka 7 kawaida wanalipa wawili wa kwanza kwa robo ya odds, wakiwa 8 na kuendelea wanalipa watatu kwa moja ya tano. Chukua Hewick, alikuwa 12/1 na walikimbia sita. Ungeweka 10,000 inakuwa 5,000 kwa 5,000. Kashinda, unapata 65,000 ya ushindi na 20,000 ya nafasi, jumla 85,000. Angekuwa wa pili ungepata ile 20,000 tu. Ila angalia kampuni yako kwanza, kuna zingine za hapa kwetu zinatoa ushindi peke yake.

Mpemba wa Leicester: Assalaam alaykum. Mie kamari sichezi, ni haramu, ila kila Boxing Day naiona ITV ya huku Uingereza na wanangu na tunaipenda. Hii njia yafaa kwa mtu anotazama tu?

Jibu: Wa alaykum salaam shekhe. Inafaa tena vizuri zaidi, maana hatua ya 6 unaitupa yote unabaki na utamu. Wape watoto hatua ya 5, waandike kabla nani atakuwa mbele kwenye kiunzi cha kwanza na nani atakuwa mbele kwenye viunzi vitatu vya mwisho, afu muangalie. Watajua farasi kuliko wacheza kamari wengi.

Dada Mbeya: Mimi swali langu hao farasi wanaoanguka wanaishia wapi? Wananiumiza roho.

Jibu: Dada sikufichi, wengi wanainuka wanaendelea na maisha, ila wapo wanaoumia vibaya na wengine wanauawa palepale, ndio sura mbaya ya huu mchezo na wapo Waingereza wengi tu wanaoupinga kwa hilo. Hapohapo Kempton Desemba 1966 Arkle, farasi mkubwa kuliko wote Ireland, alimaliza wa pili nyuma ya Dormant huku mfupa wa ndani ya kwato umevunjika. Alipona ila hakukimbia tena. Ukiona huwezi kuangalia, wala sikulaumu.

Konda wa Gongo la Mboto: Uzito vipi? Nimeona race nyingine farasi wamepewa kilo tofauti tofauti.

Jibu: Hizo ni handikapu kaka, mkali anabebeshwa zaidi ili wenzake wamfikie. King George sio handikapu, kila dume mkubwa anabeba sawa, kama kilo 74 na joki wake, majike ndio wanapunguziwa kilo 3 hivi. Ndio maana pale mwenye uwezo anaonekana.

Chalii wa Arusha: Nimerudi mkuu. Tarehe 27 kuna Welsh Grand National kule Chepstow, njia hiihii naitumia?

Jibu: Hapana, pale geuza karibu kila kitu. Ni kama kilomita 6, ni handikapu, farasi wanaweza kufika 20, na tope lake sio la mchezo, kuna miaka race imesogezwa mpaka Januari. Januari 2018 ilibebwa na Raz De Maree, farasi wa miaka 13 na joki wa miaka 16. Spidi ya Kempton pale haina kazi, anza na uzito alioubeba, afu uangalie nani alishawahi kumaliza mbio ndefu kwenye tope akiwa bado anakimbia. Na weka hela ndogo.