Picha Nyeusi, Picha Iliyoungua: Namna ya Kutafuta Tatizo Ukiwa Kwenye Hali ya M

Katika hali ya M ya kamera (manual, yaani kuendesha kwa mkono), mpigapicha ndiye anayeamua mambo matatu: upana wa tundu la lenzi, yaani apecha, ambao huandikwa kwa namba ya f (namba kubwa, tundu dogo); kasi ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwa muda fulani; na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Picha ikitoka vibaya, iwe nyeusi mno au iliyoungua, yaani iliyopokea mwanga kupita kiasi, wengi huyageuza yote matatu kwa mpigo, na matokeo yake ni kwamba badiliko moja hulifuta jingine na chanzo cha tatizo hakijulikani. Ninakusihi uguse kitu kimoja tu kwa wakati, upige, uangalie, kisha uende kwenye kingine kwa mpangilio ufuatao.

Hatua ya 1: Zima ISO ya otomatiki. Ninaanza hapa kwa sababu tatizo hili hupatikana mara nyingi kuliko mengine yote. Katika kamera nyingi, ISO ya otomatiki huendelea kufanya kazi hata gurudumu likiwa kwenye M. Unashusha shata kutoka 1/500 hadi 1/250 ukitarajia picha ing'ae, lakini kamera nayo inashusha ISO kutoka 800 hadi 400, na picha inabaki vilevile. Fungua taarifa za picha mbili zilizofuatana. Kama ISO imebadilika bila wewe kuigusa, chanzo umekwisha kukipata.

Hatua ya 2: Soma namba ya shata kwa makini. Kamera nyingi huandika 4 zikimaanisha robo ya sekunde, na 4" zikimaanisha sekunde nne kamili. Alama hiyo ndogo ikikupita machoni, picha itapokea mwanga mara kumi na sita zaidi ya ulivyokusudia.

Hatua ya 3: Jaribu kwenye mwanga unaojulikana. Siku isiyo na mawingu, piga kitu kinachomulikwa na jua moja kwa moja kutoka mbele, kwa f/16, ISO 100 na shata ya 1/125. Picha inapaswa kutoka vizuri au karibu sana na hapo. Ikiwa ni nyeusi mno, angalia kwanza kama kuna kichujio cheusi kilichosahaulika mbele ya lenzi. Ikiwa imeungua, rudia kwa tundu lililo wazi kabisa, mathalani f/4, huku ukipandisha shata hadi 1/2000, ambayo ni mwanga uleule. Picha ya f/4 ikitoka vizuri huku ile ya f/16 ikiendelea kuungua, basi mabamba ya apecha hayafungi inavyotakiwa, na lenzi hiyo inahitaji fundi. Kama skrini haionyeshi namba ya f au inaonyesha 00, zima kamera, toa lenzi, ufute vituo vyake vya umeme kwa kitambaa laini kikavu.

Hatua ya 4: Uelewe kipimamwanga kabla ya kukitii. Kipimamwanga, yaani mshale unaosogea kwenye mizani yenye sifuri katikati, hukadiria mwanga kana kwamba kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani, kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kwa hiyo gauni jeupe likijaa fremu nzima, mshale ukiwa kwenye sifuri utakupa gauni la kijivu, na suti nyeusi nayo itapauka. Kwa gauni, acha mshale usogee hadi kati ya +1 na +2. Kwa suti, kati ya −1 na −2. Watu hupoteza muda mwingi wakilazimisha sifuri katika kila picha, ilhali sifuri ni makadirio tu ya kamera. Kama mshale unarukaruka kila unaposogeza kamera kidogo, huenda upimaji umewekwa kwenye nukta ndogo ya katikati. Urudishe kwenye upimaji wa fremu nzima.

Hatua ya 5: Hukumu kwa histogramu. Skrini huonekana hafifu juani na hung'aa kupita kiasi gizani, hivyo si shahidi wa kutegemewa. Histogramu ni grafu inayoonyesha mgawanyo wa mwanga kwenye picha, giza kushoto na weupe kulia. Iliyobanwa ukutani upande wa kulia inaonyesha sehemu zilizoungua, na ya kushoto inaonyesha vivuli vilivyopotea. Washa pia onyo linalofanya sehemu zilizoungua zipepese.

Hatua ya 6: Angalia zumu. Lenzi iliyoandikwa 3.5–5.6 hujibana yenyewe unapovuta kitu karibu, na kukunyang'anya mwanga wa zaidi ya stopu moja (stopu moja ni mwanga kupungua kwa nusu au kuongezeka maradufu). Weka f/5.6 tangu mwanzo.

Hatua ya 7: Flashi na taa za umeme. Utepe mweusi upande mmoja wa picha ya flashi maana yake shata imepita kasi inayopatana na flashi, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Skrini ikiwa nyeusi kabla ya kupiga ilhali picha zenyewe ni nzuri, zima mwonekano wa awali wa mwanga (mpangilio unaoifanya skrini ionyeshe picha itakavyotoka kabla ya kupiga), kwa kuwa kamera haiwezi kuonyesha mwanga wa flashi ambayo haijawaka. Mistari inayojirudia chini ya taa za LED hutokana na taa kuwaka na kufifia kwa kasi ya umeme: penye umeme wa hezi 50 tumia 1/50 au 1/100, na penye hezi 60 tumia 1/60 au 1/125. Ukiwa na shata ya kielektroniki, ibadili kwanza iwe ya kimakanika, kisha upige tena kwa namba zilezile.