Kuunda Deki ya Ushindani ya Magic kwa Fedha Kidogo

Anayetaka kushindana katika Magic: The Gathering, mchezo wa kadi ambao kila mchezaji huja na deki (fungu la kadi) aliyoiunda mwenyewe, bila kutumia fedha nyingi anapaswa kuamua kwanza atacheza mfumo gani, yaani kanuni zinazosema kadi zipi zinaruhusiwa, kabla hajanunua hata kadi moja. Katika mfumo wa Modern, kadi za ardhi zinazotoa mana (nguvu ya kulipia kadi nyingine) ya rangi zaidi ya moja peke yake zinaweza kugharimu kuliko deki nzima ya mfumo mwingine. Katika Standard nako matoleo ya zamani huondolewa kadiri mapya yanavyoingia, kwa hiyo deki uliyoijenga kwa kujinyima hubaki na kazi kwa miaka michache tu. Mfumo wa Pauper hauna matatizo hayo mawili, kwa kuwa unaruhusu kadi za daraja la kawaida pekee, yaani zile zisizo adimu, na hauziondoi kwa sababu ya umri. Huko mwenye fedha na asiye nazo huchagua kutoka akiba moja ya kadi, na ndiyo maana naupendekeza bila kusita.

Kanuni ya Pauper ni kwamba kadi inakubalika ikiwa imewahi kuchapishwa katika daraja la kawaida hata mara moja. Daraja hutambuliwa kwa alama ndogo ya toleo iliyo upande wa kulia, chini ya picha: nyeusi ni ya kawaida, rangi ya fedha ni ya daraja linalofuata, na dhahabu ni adimu. Usidanganyike na rangi hiyo kwenye nakala uliyoishika. Lightning Bolt, kwa mfano, ilikuwa kadi ya kawaida tangu mwaka 1993, lakini katika toleo la Masters 25 la mwaka 2018 ilichapishwa na alama ya fedha. Nakala zote mbili ni halali, hivyo nunua iliyo rahisi zaidi.

Baada ya mfumo, chagua mpango mmoja wa kushinda na rangi moja ya kuutekeleza. Kwa anayeanza, deki nyekundu ya mapigo ya moja kwa moja, yaani kadi zinazompunguzia mpinzani uhai mara zinapochezwa, ndiyo bora, kwa sababu hesabu yake iko wazi na ardhi zake zote zinaweza kuwa Mountain (ardhi ya msingi ya mana nyekundu), ambazo ni za bei ya chini mno na hazina kikomo cha nakala. Mpinzani huanza na pointi 20 za uhai. Lightning Bolt, Chain Lightning, Lava Spike, Rift Bolt na Skewer the Critics kila moja hupunguza pointi 3, na kila moja inaweza kuchezwa kwa mana moja, ingawa Rift Bolt husubiri hadi zamu yako inayofuata na Skewer the Critics hudai mpinzani awe ameshapoteza pointi katika zamu hiyo. Mapigo 7 ya namna hiyo ni pointi 21.

Sasa tazama jinsi hesabu hiyo inavyoamua idadi ya ardhi. Anayeanza kucheza hupata kadi 7 za mwanzo na havuti kadi katika zamu ya kwanza, kwa hiyo kufikia zamu ya nne ameona kadi 10. Deki ya kadi 60 yenye ardhi 18 humpa, kwa wastani, ardhi 3 na kadi 7 nyingine kati ya hizo kadi 10, na ardhi 3 zikiwekwa moja kila zamu hutoa jumla ya mana 9 (1+2+3+3) katika zamu nne, ambazo zinatosha. Bahati haitakuja hivyo kila mara, lakini deki imeelekezwa huko. Ndiyo sababu pia usizidishe kadi 60, na kila kadi muhimu uiweke nakala 4, ambacho ndicho kikomo: kadi yenye nakala 4 hujitokeza katika mkono wa kwanza takriban mara 40 kwa kila michezo 100, ilhali yenye nakala moja hujitokeza kama mara 12 tu.

Mapigo hayo matano kwa nakala 4 ni kadi 20. Ongeza Fireblast 4, ambayo huchezwa bila mana kwa kutoa sadaka Mountain mbili na hupunguza pointi 4, kisha ardhi 18. Nafasi 18 zilizobaki zigawe kati ya viumbe kama Thermo-Alchemist na Keldon Marauders, na kadi zinazokuvutia kadi nyingine, kama Needle Drop.

Kabla ya kulipa, andika majina kwenye vipande vya karatasi, vitie pamoja na kadi za ardhi ndani ya vifuko vya plastiki, na ucheze na rafiki jioni kadhaa. Karatasi hizo hazikubaliki katika mashindano rasmi, lakini zitakuokoa usinunue deki usiyoipenda. Soma pia orodha ya kadi zilizopigwa marufuku: Monastery Swiftspear, iliyokuwa nguzo ya deki nyekundu, ilizuiwa katika Pauper mwezi Desemba 2023.

Unaponunua, acha kabisa pakiti zilizofungwa, kwani humo unalipia bahati. Nunua kadi mojamoja, kwa muuzaji mmoja kadiri inavyowezekana, kupitia masoko kama Cardmarket kwa walio Ulaya au TCGplayer kwa walio Marekani. Kwa aliye Afrika Mashariki gharama ya usafirishaji inaweza kuzidi bei ya kadi zenyewe, kwa hiyo ni busara wachezaji kadhaa waagize pamoja. Nakala zilizochakaa kidogo hupungua bei na hukubalika, mradi vifuko vyote vifanane na kadi isitambulike kwa mgongo wake.

Kadi 15 za akiba, zinazokaa nje ya deki na kubadilishwa na zilizomo kati ya mchezo na mchezo dhidi ya mpinzani yuleyule, zinastahili umakini uleule, maana baada ya mchezo wa kwanza ndizo zinazobadilisha mambo. Pyroblast huzuia au kuharibu kadi za bluu kwa mana moja. Smash to Smithereens huvunja kadi ya aina ya kifaa (artifact) ya mpinzani na kumpunguzia pointi 3. Relic of Progenitus huwakabili wanaotegemea kadi zilizokwisha kutumika. Usizinunue zote siku moja. Cheza kwanza na watu wa eneo lako, andika ni deki zipi zinazokushinda, kisha ununue dawa ya zile unazokutana nazo mara kwa mara.