Kufunga moduli ya faiba ya 10G: safisha kwanza, kisha pima

Tuchukue laini ya kilomita 7 jijini Nairobi, kati ya ofisi ya Upper Hill na nyingine Westlands, kila upande ukiwa na swichi yenye tundu la SFP+, yaani tundu la moduli ndogo inayotuma na kupokea mwanga wa faiba.

1. Chagua moduli. Laini hii ni ya singomodi (faiba yenye kiini chembamba, ya masafa marefu), pachikodi (waya fupi za faiba za kuunganishia) ni za njano. Weka LR (moduli ya masafa marefu) ya nanomita 1310 pande zote mbili. Hufika kilomita 10. SR (ya masafa mafupi) ya nanomita 850 ni ya ndani ya jengo, mita 300 tu kwenye OM3, faiba ya multimodi yenye kiini kinene. ER ya kilomita 40 usiinunue eti kwa kuwa ina nguvu zaidi: kwa umbali mfupi mwanga wake huzidi uwezo wa kipokezi cha upande wa pili na unaweza kukiunguza.

2. Tazama rangi ya kichwa cha pachikodi. Cha kijani ni APC, uso umekatwa mshazari wa nyuzi 8. Moduli hutaka UPC, ambacho uso wake haukukatwa mshazari, cha buluu. Ukichomeka kijani, nyuso hazigusani na mwanga unapotea. Kisanduku cha ukutani kikiwa cha kijani, tafuta pachikodi yenye kijani upande mmoja na LC (kichwa kidogo kinachoingia kwenye moduli) ya buluu upande wa pili.

3. Safisha. Kazi nyingi huharibikia hapa. Kiini cha singomodi ni maikromita 9 hivi. Chembe moja ya vumbi jekundu la mtaro uliochimbwa nje inatosha kukiziba. Ingiza kalamu ya kusafishia, sukuma mpaka ilie "tki", toa. Fanya hivyo kwenye kichwa na kwenye tundu la moduli, hata kama pachikodi ni mpya. Usipulize kwa mdomo. Unyevu wa pumzi hubaki usoni. Usichungulie kamwe: mwanga huu hauonekani, ila unaumiza jicho.

4. Chomeka. Swichi haizimwi.

5. Soma mwanga. Kwenye Linux amri ni `ethtool -m`. Hesabu yake: kilomita 7 kwa 0.35 dB (kipimo cha mwanga unaopotea) kila moja ni kama 2.5, viungio vinne kwa 0.5 ni 2, jumla 4.5 dB. Upande wa pili ukituma -2 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), tarajia kupokea karibu -6.5.

Ukiona -40, hakuna mwanga kabisa: badilisha nafasi za nyuzi mbili za LC, ya kutuma na ya kupokea, mara nyingi zimepishana. Ukiona -12, laini itawaka, lakini kipokezi cha LR huishia -14.4, kwa hiyo usiiache hivyo. Safisha tena, halafu fuata pachikodi kwa vidole hadi nyuma ya raki. Penye kamba ya plastiki ya kufungia waya (zip tie) iliyokazwa au kona kali, legeza huku ukitazama namba. Kama kosa lilikuwa hapo, itapanda palepale.