Gitare ya ku sene na ya kurekodi nyumbani: namna ya kuchagua kama uko huku Lubumbashi

Karibu kila juma kuko mutu ananiandikia "kaka, nichukue gitare gani, juu nataka kupiga ku kanisa na tena nirekodi ku nyumba", na mimi naanzaka na ulizo: sauti yako itatokea wapi? Juu ku sene (jukwaa) bantu habasikie gitare yenyewe, banasikia kapteri (kidude yenye inachukua sauti ya gitare) na bafle. Ku nyumba, mbele ya mikro, banasikia mbao. Ni bintu mbili, na muuzishaji hatakuambia ile, yeye anataka kartoni yake imalizike.

Mi nilijifunza kwa haya. Gitare yangu ya kwanza ya maana nilinunua mu duka moja mu ville, ile kubwa, drednoti, niliipiga pale ikanguruma, roho ikatulia, nikalipa. Posho yenye ilifuata niko ku ndoa Kampemba, bafle ziko nyuma yangu, mupiga batri (ngoma) anapiga sawa anabomoa ukuta, mutu wa sono anapandisha gitare kidogo: wuuuuuu. Anateremusha, gitare inapotea. Anapandisha tena, wuuuuuu. Ku wimbo wa tatu akazima laini yangu bila kuniambia kitu, mi naendelea tu, mukono unatembea, nacheka na bantu, kumbe hakuna kenye kinasikika. Kisha mama moja akanifikia na sahani yake: "Papa, ile gitare ni ya kuvaa?"

Ile wuuu njo larseni, jina ya mutu wa fizike wa Danemark, Søren Larsen. Sauti ya bafle inarudia inatikisa mbao ya mbele ya gitare, kapteri inaichukua, inairudisha ku bafle, inazunguka vile mupaka masikio inaumia. Na kese (tumbo ya gitare) kubwa njo inapendaka ile muchezo, zaidi ku manoti ya chini, karibu na hertzi 100, pale ku so na la za kordi nene. Kwa hiyo ku sene kese ya kadiri ao nyembamba inashinda kese kubwa, hata kama mu duka kubwa njo ilikufurahisha. Na usifikiri kese ndogo itakuazibu ku kurekodi, apana, ku mikro drednoti inajazaka bass mupaka sauti ya mutu inakosa fasi, lakini ile ya kadiri, yenye bazungu banaitaka OM ao oditoriumu, inatoka sawasawa ku kordi zote sita.

Sasa mbao. Angalia mu tundu ya katikati, ku ukingo, leta toshi ya telefone. Kama mistari ya mbao ya juu inaingia na inateremuka mu unene wote bila kukatika, ile ni mbao nzima, masifu. Kama unaona tabaka tatu sawa mukate wenye kupakwa siagi, ni tripleksi. Masifu inaimba muzuri na inazidi kuwa tamu na miaka. Tripleksi inaimba kidogo, lakini haipasukake ovyo, na larseni inaisumbuaka kidogo. Unaona shida iko fasi gani: kenye mikro inapenda, sene haikipendi sana.

Na njo hapa bantu banaanguka. Bei moja, gitare mbili: moja haina prizi (fasi ya kuingiza kable), mbao ya mbele masifu, ingine iko na prizi, na taa, na vibuto ine, na akordere (ya kupanga sauti ya kordi) ndani, tena imekatwa ku bega. Mutoto wa bantu anaona taa anachukua ile. Lakini feza ya ile elektroniki ilitoka fasi, ilitoka mu mbao! Mfano, Yamaha FG800 na FS800 ni masifu ya mbele bila prizi, FS njo yenye kese ndogo. APX600 iko na prizi na kese nyembamba lakini mbao ya mbele ni tabaka. Zote ni gitare za maana, kazi tu haiko moja.

Mawazo yangu, na kama hukubali hakuna shida: kama unaweza kununua paka moja, chukua kese ya kadiri, mbele masifu, hata haina prizi, kisha siku feza inaingia unaweka kapteri ya kufunga mu tundu ya katikati, unaitosha wakati unarekodi. Lakini kama wewe unapigaka mara tatu mu juma na batri na bass na kwaya ya bantu makumi mbili, usijisumbue na masifu, chukua kese nyembamba yenye prizi, ulale usingizi.

Kapteri ya piezo, yenye inalalaka chini ya sile (kale kamufupa kenye kordi zinapita juu yake) ku shevale (kambao kenye kordi zimefungwa ku tumbo), inaleta sauti yenye kukauka sawa bata anaongea mu ndoo. Ku sene inapita, inakata muzuri mu kelele. Ku kurekodi usiitumie peke yake, nakuomba. Na preampli yake inakulaka batri ya 9 volti kila wakati kable iko ndani, hata hupigi, hata umelala. Tosha kable! Angalia tena kama kuko kibuto ya faze, yenye kugeuza wimbi ya sauti, larseni ikianza unaifinya, mara mingi inanyamaza. Na kifuniko ya mupira ya kuziba tundu, kitu ya bei kidogo, ile siku ya Kampemba ingeniokoa. Kama mikserere iko mbali, kable ya jaki isipite metre sita hivi, tia kisanduku ya DI katikati, yenye kusaidia sauti isiharibike mu kable ndefu.

Ku duka ao ku mutu mwenye kutoka Kasumbalesa, ku mupaka, na gitare mu kartoni, usiharakishe. Fanya hivi. Chukua karte tatu za banki, zipange pamoja, zinafika karibu milimetre 2,3, ziingize chini ya kordi ya sita ku fureti ya 12 (fureti ni vile vichuma bya ku shingo ya gitare). Zinapaswa kugusa kordi kidogo tu. Kama kuko nafasi ya karte ingine mbili, bidole yako itakuchukia. Finya kordi ku fureti ya kwanza na ya 14 wakati moja, angalia ku ya saba: kuwe mwanya kidogo sana, sawa karatasi. Piga armoniki (gusa kordi kidogo bila kuifinya) ku fureti ya 12, kisha finya pale pale upige, akordere ya telefone iseme noti moja. Kama ya kufinya inapita juu ao chini sana, rudisha. Tena ingiza karatasi chini ya shevale, ku nyuma: ikiingia, shevale inaanza kung'oka, aga na heri. Na pitisha mukono ku ukingo wa manshi (shingo ya gitare), polepole.

Ile ya mwisho ni juu ya kiangazi yetu. Kuanzia mwezi wa tano mvua inakwenda, mwezi wa nane hewa imekauka mupaka midomo inapasuka, na manshi nayo inakauka, inapungua, fureti za chuma zinabaki zinatokea ku pembeni sawa meno ya musumeno. Mi iliniwahi kukata kidole ku repetisyon, damu ku manshi. Gitare inapenda unyevu kati ya 45 na 55 ku mia. Chukua kisanduku ya plastiki ya sabuni, toboa matundu, tia eponji yenye kulowa na kukamuliwa sana, iweke mu valizi karibu na kichwa ya gitare. Na usiilaze karibu na mabati.

Kama unapigaka na bidole, angalia upana ya manshi pale ku sile ya juu: milimetre 43 ni kidogo, 44 na nusu bidole binapumua. Huku Katanga hatuna sababu ya kupuuza ile. Mwenda Jean Bosco, mupiga gitare wa huku, wenye Hugh Tracey, mukusanyaji wa miziki ya Afrika, alirekodi mu 1952 ku Jadotville, leo Likasi, alipigaka na dole gumba na kidole cha kuonyesha tu, na ukisikiliza unafikiri ni bantu babili.

Kurekodi sasa. Kordi mupya, 12 kwa 53 ao 11 kwa 52 (unene ya kordi nyembamba na ya nene), zicheze siku moja kwanza. Mikro ya kondansateri, karti-soni (yenye kuingiza sauti mu ordinatere) yenye kutoa 48 volti, weka mikro sentimetre 25 toka ku fureti ya 12, isiangalie mu tundu, mu tundu kuko bass chafu tu. Matela moja nyuma yako, kabati ya nguo ifunguliwe, inameza mwangwi. Na saa: saa ine ya usiku, jirani amezima gruupu yake (jenereta), imbwa zimechoka, mvua haiko ku mabati. Kura (umeme) ikikatika katikati ya wimbo, na itakatika, ordinatere yenye batri muzuri inaendelea, karti-soni inakula ku USB, unarekodi mu giza.